Pua imeziba miaka sita: kisa cha fundi samani wa Keko

Huyu jamaa ni fundi samani, miaka 38, yuko Keko hapa Dar kwenye zile karakana za vitanda na makabati. Ameruhusu niandike habari zake, nimebadilisha vitu viwili vitatu tu ili mafundi wenzie wasimjue. Tatizo lake ukilisema linaonekana dogo, pua haipitishi hewa, basi, ila ni miaka sita sasa. Usiku analala mdomo wazi, asubuhi koo limekauka linawasha, mke wake kahamia kwenye kochi la sebuleni kwasababu ya mkoromo, na mchana akikaa tu kusubiri gundi ishike tayari kasinzia. Vitunguu vikikaangwa jikoni harufu anaipata kwa mbali. Na alikuja na uamuzi wake tayari, "Dokta mi nataka mnikate hizi nyama za pua, nimechoka."

Naandika kisa chote kwasababu watu wanauliza sana kuhusu hii ya "kuchoma nyama za pua bila kisu", wamesikia inachukua dakika kumi na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ni kweli. Ila kwa huyu fundi zile dakika kumi ndo zilikuwa kipande kidogo kuliko vyote, na tungeanza nazo nadhani angekuwa amerudi kwetu analalamika vilevile.

Tuanze na alikopitia. Mwanzo yalikuwa mafua yaliyogoma kuisha, akaenda duka la dawa akapewa amoksilini, hola, akapewa azithromaisini, hola, mwaka uliofuata karudia tena zilezile maana kila anayekutana naye anamwambia hiyo sainasi hiyo. Akajifukiza. Mnakumbuka 2020 kila nyumba sufuria ya mkaratusi, tangawizi na malimao, yeye alikuwa ameanza kabla na wengine walipoacha akaendelea. Akahamia kwenye dawa za kunusa zenye mentholi, na hapa nitulie kidogo kwasababu panaonyesha pua inavyoweza kukudanganya. Mentholi haizibui kitu. Ukipima njia ya hewa kwa mashine kabla na baada ya kunusa iko vilevile, kinachotokea ni kwamba inaamsha vipokezi vya baridi ndani ya pua, ubongo ukipata taarifa ya ubaridi unaamini hewa inapita. Kumbe hata kwenye hali ya kawaida ile raha ya kupumua puani sehemu kubwa inatokana na hewa kuupoza utando wa ndani. Hili litatuhusu tena tukifika kwenye habari ya kukata.

Halafu ndo akakutana na matone. Kile kichupa kidogo cha kuzibua pua, dawa iliyomo inaitwa zailometazolini, ndugu yake ni oksimetazolini, dakika tano tu pua nyeupe, fundi anasema siku ya kwanza alilala usingizi ambao hakuwahi kuupata tangu mafua yale yaanze. Sasa nilipomuuliza dawa gani unatumia kwa sasa akajibu hakuna. Mke wake aliyekuwa kakaa pembeni akamgeukia, "Baba watoto, na hicho cha mfukoni?" Kikatoka mfuko wa shati. Miaka minne, alianza asubuhi na usiku, siku anayokuja kwetu anaweka mpaka mara sita, na kama kichupa kimeisha usiku anamtuma kijana wake dukani.

Ili mtu aelewe kwanini hiki kichupa ni kesi lazima ajue kilichomo ndani ya pua. Kila upande kuna vinyama vitatu vimepangana juu chini, vinaitwa konka, na cha chini ndo kikubwa na ndo kinacholeta fujo nyingi. Siyo ugonjwa, kila mtu anavyo. Kazi yake ni kuipasha hewa joto, kuilowanisha na kunasa vumbi kabla halijaenda kifuani, na tunavuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku kwahiyo siyo kibarua kidogo. Ndani yake ni mishipa ya damu mitupu, kinavimba na kunywea kama sponji, na hata kwa mtu mzima kabisa wa afya upande mmoja unavimba kidogo kwa masaa kadhaa huku mwingine ukinywea, kisha vinapokezana. Daktari wa Kijerumani Richard Kayser aliieleza hiyo zamu mwaka 1895. Matone yanafanya nini? Yanaibana ile mishipa. Dawa ikiisha nguvu mishipa inafunguka kuliko ilivyokuwa mwanzo, pua inaziba zaidi, unaweka tena, na kadri siku zinavyokwenda mwili unaizoea, inabana kidogo na kwa muda mfupi. Ndo maana kwenye karatasi ya dawa wanaandika usizidishe siku 3 mpaka 5, nyingine 7. Nani anasoma ile karatasi? Hata muuzaji mara nyingi hasemi, anakupa tu.

Kwahiyo tulikuwa na mtu ambaye pua yake imezibwa na dawa ya kuzibua pua. Lakini je ni hiyo peke yake? Hapo ndo uchambuzi wenyewe unaanza, maana mtu haanzi matone bila sababu, kuna kitu kilimpeleka huko.

Maelezo yake yalikuwa na dondoo mbili nzuri. Ya kwanza, pua yake inabadilishana, saa hii kulia, baadae kushoto, na akilala ubavu pua ya upande wa chini ndo inaziba. Mfupa uliopinda haubadilishani zamu, ukiziba umeziba upande uleule asubuhi na jioni. Inayobadilishana ni nyama, yaani konka. Ya pili, akisafiri kwenda kwao Tanga msibani au sikukuu akakaa wiki bila kugusa mbao anapata nafuu kidogo, akirudi siku ya kwanza ya kupiga msasa chafya mfululizo na macho yanawasha, hiyo inanuka aleji. Vumbi la mninga na mkongo, ukiongeza harufu ya thina na vanishi kwenye chumba kisicho na dirisha la maana, pua gani itavumilia.

Na kwa fundi mbao kuna jambo lingine ambalo haliruki mtu anayejua kazi yake. Vumbi la mbao linaleta saratani ya ndani ya pua. Siyo stori za kutishana. Miaka ya 1960 kule High Wycombe, mji wa Uingereza uliojulikana kwa kutengeneza viti, daktari wa pua Esme Hadfield aliona anapata wagonjwa wa saratani adimu ya pua kuliko inavyotegemewa na wengi wao ni mafundi samani, mwaka 1968 yeye na wenzie akiwemo Donald Acheson wakaichapisha, na baadae IARC, lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, likaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, 1995. Inaweza kuchukua miaka mingi sana ya kuvuta vumbi mpaka itokee na haimpati kila fundi. Lakini fundi akija pua imeziba humpi sprei ukamwambia rudi mwezi ujao bila kuchungulia ndani. Tulimuuliza: upande mmoja tu? Damu? Ganzi shavuni? Meno ya juu kulegea? Jicho kusogea mbele? Uvimbe shingoni? Vyote hapana. Tukapitisha kamera, kile kimrija chembamba chenye taa, pande zote mpaka nyuma kabisa pua inapokutana na koo. Hakuna uvimbe, hakuna polipu, hakuna usaha. Konka za chini zote mbili zimevimba, nyekundu iliyoiva, zimegusana na ukuta wa kati.

Hapo kwenye polipu niseme haraka kwasababu huku kwetu vyote tunaviita nyama za pua. Konka zilizovimba, polipu ambazo ni vifuko laini vya rangi ya kijivu vinavyoota, na adenoidi za watoto zilizo nyuma ya pua, hivyo ni vitu vitatu na tiba zake ni tatu. Mtu akikuambia "mimi nilichomwa nyama nikapona" muulize kwanza alichomwa nini.

Fundi alikuja pia na bahasha ya CT-scan aliyopigwa sehemu nyingine, majibu yanasema ukuta wa kati wa pua umepinda kidogo kuelekea kushoto na konka za chini ni kubwa, na alishashauriwa afanyiwe operesheni ya kunyoosha ukuta chini ya nusu kaputi. Haukuwa ushauri wa kijinga, ile operesheni inawasaidia watu wengi na mimi mwenyewe nawapeleka wagonjwa. Ila ukuta uliopinda kidogo ni kitu cha kawaida, ukiwapiga picha watu kumi barabarani wengi utawakuta hawajanyooka, na hawana habari. Picha inakuonyesha umbo, haikuonyeshi kama hilo umbo ndo linalomkosesha mtu usingizi.

Kuna kipimo cha bei rahisi kuliko CT. Unampulizia mgonjwa dawa ya kubana mishipa, unasubiri dakika kumi, unaangalia tena. Pua ikifunguka, kilichoziba ni nyama laini. Isipofunguka, shuku mfupa, gegedu au kitu kingine. Tulimfanyia, na pua yake ilifunguka kidogo sana. Mtu mwenye haraka angesema haya, ni mfupa, ukuta unyooshwe. Lakini huyu ni mtu wa mara sita kwa siku miaka minne! Mishipa yake imeshaizoea dawa ileile tunayompimia, itafungukaje? Kipimo kilikuwa hakina maana kwa siku ile. Tukamwambia tutakirudia ukishaacha kichupa. Kipimo kingine ni kuvuta shavu pembeni kwa vidole huku mtu anavuta hewa, kama pua inafunguka ghafla basi shida iko mbele, ile sehemu nyembamba kuliko zote karibu na tundu, ambayo kwa wengine inanywea ndani wakivuta hewa. Kwake haikubadilisha kitu, hiyo tukaifuta.

Halafu tukamjazisha maswali ya NOSE, ni maswali matano tu yaliyotengenezwa Marekani 2004: pua kujaa, pua kuziba, tabu ya kuvuta hewa puani, tabu ya usingizi, na kukosa hewa ya kutosha ukifanya kazi nzito. Kila moja unajipa 0 mpaka 4, jumla unazidisha mara tano, kwahiyo 0 ni safi na 100 ni balaa. Alipata 85. Naipenda hii kwasababu inamfunga mdomo daktari na mgonjwa, hakuna mambo ya "naona kama kuna unafuu".

Sasa kumtoa kwenye matone. Ukimwambia mtu aache ghafla pande zote usiku wa kwanza tu atarudia, hewa hakuna. Tulifanya hivi: kwanza akaanza sprei ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, inaitwa flutikasoni, kila siku, na hii haifanyi kazi papohapo kama matone, inataka wiki moja mpaka mbili na zaidi ndo uone, watu wengi wanaitupa siku ya nne wakisema ni feki. Ilipokaa sawa akaacha matone pua ya kulia tu, ya kushoto anaendelea nayo apate pa kupumulia. Kulia ilipozoea, akaacha na kushoto. Namna ya kupuliza nayo ina shule yake, kichwa unainamisha kidogo, mkono wa kulia unapuliza pua ya kushoto na wa kushoto pua ya kulia, mdomo wa kichupa unaelekea nje kwenye upande wa sikio. Ukielekeza katikati unapiga ukuta, unapata vidonda na damu kila siku halafu unasema dawa imenidhuru.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kulikuwa kazi rahisi kwake kuliko nilivyotegemea. Kwa mtu anayetawadha mara tano kwa siku kupandisha maji puani siyo jambo jipya, wengine inabidi uwabembeleze maana wanahisi watazama. Ila tulimwambia wazi haya ya chumvi ni tofauti na ya udhu, yanaingia ndani zaidi, kwahiyo maji lazima yachemshwe yatokote vizuri yapoe yawe vuguvugu, au ya kununua yaliyosafishwa kwa mvuke, siyo ya bomba moja kwa moja. Kuna mdudu wa kwenye maji anaitwa Naegleria fowleri, akipanda puani anaweza kufika kwenye ubongo, na Louisiana kule Marekani mwaka 2011 watu wawili walikufa baada ya kusafishia pua maji ya bomba. Ni nadra sana, lakini kuchemsha maji ni kazi gani. Robo lita ya maji, chumvi karibu nusu kijiko cha chai, na soda ya kuokea chembe ili isichome.

Wiki ya kuacha ilikuwa chungu, sitaki kuipamba. Usiku mmoja alipiga simu anasema dokta nakufa, nikasikia mkewe nyuma anasema hafi huyo, anatafuta kichupa nimekificha. Wapo wagonjwa ambao tunawapa vidonge vya steroidi, prednisoloni, kwa siku chache kuwavusha, yeye alivuka bila hivyo, mito miwili chini ya kichwa na sprei. Huyu mama kwa kweli mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Baada ya wiki kama sita karudi. NOSE imeshuka kutoka 85 mpaka 55. Yaani zile pointi 30 zimeondoka kwa kuacha kichupa, sprei na maji ya chumvi tu, na hakuna mtu amemgusa na chuma. Wapo wanaoishia hapa, pua inafunguka wanaendelea na sprei na hakuna haja ya kuchoma wala kukata. Yeye bado alikuwa kwenye 55, hiyo bado ni kali, usiku bado mdomo wazi. Tukarudia kile kipimo cha kupuliza, mara moja tu na mkewe akatuangalia vibaya. Safari hii pua ikafunguka pande zote mbili na mwenyewe akacheka, "Eh, kumbe hivi ndo watu wanapumua." Ndani ya kamera konka zimenywea, na ule ukuta uliopinda bado upo palepale umepinda na hewa inapita pembeni yake bila shida. Jibu likawa limepatikana. Kilichobaki ni nyama ambayo kwa miaka ya vumbi na matone imeshanenepa, na sprei peke yake haiirudishi yote.

Ndo tukafika kwenye zile dakika kumi. Kinachofanyika ni kupunguza konka ya chini kwa joto la mawimbi ya redio, na jambo la kulielewa ni kwamba joto linaingizwa chini ya ngozi ya konka, siyo juu yake. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, yuko macho. Pamba iliyolowekwa dawa ya ganzi na ya kubana mishipa inakaa puani mpaka ishike, kisha sindano ndogo ya ganzi, lignokaini, kwenye konka yenyewe, hiyo inachoma kidogo na jicho linatoa chozi. Halafu chombo chenyewe, kina umbo la sindano ndefu, kinachomekwa mbele ya konka kinasukumwa taratibu kuelekea nyuma ndani ya nyama, kinawashwa kwa sekunde chache, kinavutwa kidogo, kinawashwa tena. Joto lake ni dogo ukilinganisha na chuma cha kuunguza, kwa kawaida kati ya nyuzi 60 na 90, linatosha kuua sehemu ya mishipa na nyama ya ndani, na mwili ukiponesha pale unaacha kovu linalovuta konka inywee. Ngozi ya juu yenye vinyweleo vya kusukuma makamasi inabaki nzima. Mara nyingi hakuna kujaza pamba puani, hakuna nusu kaputi, hakuna kulazwa. Mahali ambapo hakuna mashine hiyo wanatumia dayathemia, ile mashine ya kawaida ya theta ya kuchoma kwa umeme, kwa sindano, wazo ni lilelile ingawa joto lake ni kubwa zaidi na linahitaji mkono uliotulia. Kwa anayelipa toka mfukoni ulizia zote mbili, kwenye mashine mpya kinachopandisha bei mara nyingi ni ile sindano yenyewe maana nyingi ni za kutumia mara moja.

Mtu anaweza kuuliza, kunywea kidogo hivyo kunasaidia nini? Inasaidia kwasababu kwenye bomba jembamba mtiririko unategemea upana kwa kipeo cha nne, ukiongeza nusu kipenyo kwa asilimia 10 tu hewa inayopita kwa nguvu ileile inapanda kwa karibu asilimia 46. Pua siyo bomba lililonyooka kwahiyo hesabu haikai sawasawa, lakini mwelekeo ndo huo, milimita moja mahali panapostahili ni kitu kikubwa.

Na hapa ndo nirudi kwenye ubaridi. Zamani, na sehemu nyingine mpaka leo, konka inakatwa yote au karibu yote, pua inabaki pango. Ungedhani huyo mtu atapumua kuliko wote. Wapo wanaotoka pale wanalalamika hawapati hewa, wanakosa usingizi, wengine wanapata msongo mkali wa mawazo, na ukiwachungulia njia iko wazi kabisa. Utando uliokuwa unapozwa na hewa haupo, taarifa haifiki, ubongo unasema hakuna hewa. Eugene Kern wa Mayo Clinic kule Marekani ndo alianza kuliita jambo hili kwa jina la ugonjwa wa pua tupu, miaka ya 1990. Na nyama iliyokatwa hairudishiki. Kwahiyo fundi alipokuja na "nikate zote", jibu langu lilikuwa hapana na lingekuwa hapana hata angelipa mara mbili. Ukipunguza kidogo ukaona haitoshi unaongeza.

Siku chache za mwanzo alinipigia tena, pua imeziba kuliko mwanzo. Tulimwambia kabla, lakini ukiambiwa na ukiyaona ni tofauti. Konka iliyopigwa joto inavimba kwanza, inatoa magaga, wiki ya pili inaanza kuachia, na kunywea kwenyewe kunaendelea mpaka wiki ya sita au nane. Maji ya chumvi mara nyingi kwa siku, hakuna kupenga kwa nguvu, hakuna kuchokonoa, wiki ya kwanza hakuna kunyanyua makabati. Na kichupa marufuku. Damu ilitoka kidogo siku ya kwanza ikakata yenyewe.

Miezi mitatu baadae NOSE yake ni 20. Mke karudi chumbani. Mkoromo umepungua haujaisha, akilala chali bado yumo, na hili nalisema kwasababu watu wanapelekwa kuchomwa pua ili waache kukoroma, kukoroma kunatengenezwa zaidi kooni kuliko puani. Tulimuuliza mkewe kama aliwahi kumwona anakata pumzi usingizini halafu anashtuka, akasema hapana. Angesema ndiyo, pamoja na ule usingizi wa mchana, angeenda kupimwa usingizi kwanza, maana ile ni kesi inayogusa moyo na presha na haitibiwi kwa kupunguza konka.

Wengine wanaosoma hapa kisa chenu hakitafanana. Ambaye pua inanywea mbele akivuta hewa, kuna vifaa vya mawimbi ya redio vya kuikaza sehemu ile na vipandikizi vidogo vya kuishikilia. Ambaye makamasi yanatiririka maji matupu kutwa nzima bila aleji, kuna tiba ya kuugandisha kwa baridi mshipa wa fahamu nyuma ya pua. Sainasi sugu iliyothibitishwa na CT kuna puto la kupanua mlango wake. Vifaa hivi vinatumika zaidi Marekani na Ulaya, na vyote vinafanyika bila kufungua uso. Aliyepinda ukuta kweli kweli, upande mmoja umekufa kabisa, huyo akanyooshe ukuta tu, kumchoma konka ni kumlia hela. Na mwenye polipu anaanza na steroidi.

Kwa fundi wetu kisichobadilika ni vumbi. Hajaacha kazi na hakuna aliyemwambia aache, ana watoto wa shule. Mashine ya kunyonya vumbi bei yake imemshinda, kahamisha meza ya msasa nje ya chumba, anavaa barakoa ya N95 badala ya kile kitambaa, ingawa saa saba mchana Keko na lile joto najua anaishusha kidevuni. Sprei anaendelea nayo kwasababu kuchoma hakuondoi aleji, akiacha konka itavimba tena polepole, na kwa wengi matokeo yanapungua miaka ikienda. Ramadhani aliuliza mapema, tukapanga apulize wakati wa daku na baada ya kufuturu, haikuwa tabu. Ikifika siku imeziba tena inaweza kurudiwa kwenye kiti kilekile, na ule ukuta uliopinda bado upo kama siku moja utakuja kuhitajika kunyooshwa.

Juzi kaleta fundi mwenzie, mzee wa zaidi ya miaka hamsini, kaanzia ujana wake kwenye randa. Naye anataka kuchomwa, kaona mwenzie anapumua. Pua yake imeziba upande wa kushoto tu, miezi kadhaa, na akipenga kuna vidamu. Huyo hatujazungumza naye habari ya mawimbi ya redio kabisa. Kapita kwenye kamera siku hiyohiyo, kimechukuliwa kipande kimeenda maabara, na CT kapangiwa wiki hii.